Blauzi ya Mikono Minne

Kafuri ikiungua hutoa harufu ya baridi na kali inayopanda puani ghafla, na hadi leo nikiisikia huangalia kwanza mlango uko wapi. Mwaka 2015, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliisikia Jumamosi baada ya Jumamosi katika hekalu dogo la Wahindu kando ya mto, kwenye kijiji cha wakulima kusini mwa Johannesburg, imechanganyika na samli, maua ya manjano na tope la ukingoni. Mvua za mwisho zilikuwa zimeujaza mto, na maji yake ya kahawia yalinguruma hivi kwamba watu walisali kwa kupaza sauti. Sisi tulikuwa Wakongo wa Turffontein, mtaa mmoja wa mjini, walokole wa kupindukia, na hatukuwa na shughuli yoyote pale isipokuwa ya cherehani.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Mteja wake mkubwa, mwanamke wa Kihindi tuliyemwita Anti Saroj, alimletea hariri nyekundu na vipimo vya blauzi: kifua chembamba kama cha mtoto, na mikono minne. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Akaamua kwamba maskini Anti amechanganyikiwa kwa uzee, akashona mikono miwili, safi kabisa. Anti alipotupeleka kwa gari lake kuijaribisha, mama alidhani anakwenda kuonana na mtoto wa mtu. Alichungulia mlangoni akakutana uso kwa uso na mungu wa kike wa jiwe jeusi, mikono minne imenyooshwa, anangoja nguo yake ya sikukuu. Mama alitoka mbio kama aliyekanyaga kaa la moto. Lakini alikuwa amempa mteja neno lake, na kwa mama neno halikuwa la kuchezea. Alikubali kuirekebisha kwa sharti moja tu, kwamba hatavuka tena geti la ule uwanja.

Basi ikawa hivyo. Mama aliketi nje ya geti, juu ya mkeka, na sindano yake na nyimbo zake za Yesu. Mimi nilinawa miguu bombani na kumpelekea kuhani blauzi, maana yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa sanamu. Alikuwa mzee mpole mwenye mikono inayonukia samli. Kila mara aliijaribu, akatikisa kichwa, nami nikairudisha kwa mama: kwapa linabana, mkono wa tatu umepanda. Nguo ya mungu haikutakiwa kubanwa kwa pini hata moja. Nilifurahia safari zile kuliko kanisa letu, na sijawahi kumwambia mama hivyo.

Kufikia Jumamosi ya mwisho, wahamiaji kutoka nchi nyingine za Afrika walikuwa wamewindwa na wenyeji mjini kwa wiki nzima. Tulidhani kijijini ni salama. Kwenye njia panda palikuwa na spaza, duka dogo la kijana mmoja Mhabeshi, tuliponunua mkate na soda. Kila mtu alimwita “my friend” kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina. Saa sita mchana tuliona moshi ukitoka huko. Kisha tukawaona wanaume, na marungu, na mapanga, na mbele yao yule kijana akikimbia, damu imemfunika uso, anakuja moja kwa moja hekaluni, maana ukuta ule ndio uliokuwa pekee bondeni.

“Dada Furaha, ingia!” Anti Saroj alimpigia mama kelele kwa Kiingereza chake. “Wanakuja! Ingia ndani!”

Mama alisimama lakini hakusogea. “Siingie mule,” aliniambia. “Yesu iko na miye hapa inje.”

“Eish, mama, watakuua! Ingia, nakuomba!” nilimsihi.

Anti, mwanamke mfupi aliyekuwa akitembea kwa kushika kiuno, alitoka akamzaba kofi, akamkamata nywele akaanza kumburuta. Mama aling'ang'ania nguzo ya geti kwa mikono yote miwili. Alimpiga teke Anti. Alimuuma kuhani mkononi. Kuhani alimbandua kidole kimoja kimoja, mimi nikimvuta kiuno huku nikilia kwa hasira, kwa sababu saa ile nilimchukia. Alipoachia tulianguka ndani sote, rundo moja, na mtu akapiga komeo.

Kijana alifika wakati huohuo. Aliingiza vidole kati ya vyuma. “Vula, mama,” alisema kwa Kizulu, akimtazama mama yangu. “Vula.” Fungua. Hakuna aliyefungua, kwani waliokuwa wakimfukuza walikuwa wameshafika. Rungu la kwanza lilivunja vile vidole palepale kwenye vyuma. Sitaeleza yaliyofuata, isipokuwa kwamba alichukua muda mrefu kufa, na kwamba walimtupa mtoni. Baadaye walirusha mawe juu ya bati la hekalu hadi polisi walipokuja. Mama aliketi ameelekea ukutani. Hakuomba. Sote tulijua kwamba laiti angeingia alipoitwa, tusingehangaika kumburuta, tungemshikia kijana geti wazi na angewahi.

Kanisani kwetu watu hutoa ushuhuda jinsi Mungu alivyowaokoa siku zile. Mama hajawahi kusimama. Mwaka 2019, fujo ziliporudi, alifungua geti la nyumba tuliyopanga akaliegemezea jiwe, na watu wakamiminika: wasusi, Wamalawi, Mtanzania mmoja na mashine yake ya kunyolea. Moshi ulipoonekana mwisho wa mtaa nilikimbia kulifunga. Mama alinipiga kofi mpaka sikio likavuma. “Acha!” alisema. “Bado kuko wenye wanakimbia.” Tulikaa hivyo mchana kutwa, geti wazi, na kwa bahati tu kundi lile likapita mtaa mwingine.

Sasa ninafanya kazi Sandton na nimepanga mtaa wa Observatory, papo hapo Johannesburg, kwenye jengo tulivu lenye geti la umeme. Mama akija hulalamika kwamba linajifunga haraka mno. Mtu akiwa nyuma kidogo, hawahi. Fundi ameshaniambia ni kazi ya dakika chache kulipunguza kasi. Kila mama akiuliza, namwambia nitamwita fundi wiki ijayo. Simwiti.