Salamu Zimfikie Mjane wa Bondeni

Kipindi cha salamu nilikuwa sikipendi, niseme ukweli. Nilijiunga na redio yetu ndogo ya hapa Mpanda nikiwa na kiu ya habari nzito, za watu wanaoonewa na hawana pa kusemea. Mhariri akanipangia Jumapili alasiri nikae studio nipokee simu za watu wanaomsalimia shemeji yao wa Ilembo na wote wanaowafahamu. Mpigaji anataja anaowasalimu, anatoa ujumbe, anachagua wimbo, anakata. Basi! "Hii nayo ni kazi ya mwandishi?" nilimuuliza mhariri, maana mdomo wangu hauna breki. Akasema, "Dada, kama huwezi kuwasikiliza watu wakiwa na raha, wakiwa na shida utawasikilizaje?" Nikasonya, lakini nikaenda.

Mvua zilipoanza kukolea, akaja mama mmoja studio. Kavaa kitenge cha kanisani, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Alikuwa mjane, katoka bonde moja la mpunga upande wa Mwamkulu. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye kazaliwa hukuhuku na uraia anao, ila lafudhi ya Kirundi haijamtoka. Anajua watu wanavyoicheka, kwa hiyo anaongea taratibu, kila neno kwanza analipima. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sasa tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga anadai kwamba marehemu alimuuzia majaruba yote alipokuwa mgonjwa, wakiwa wawili tu chumbani. Karatasi hana, shahidi hana. Alichonacho ni kauli moja anayoirudia kila kona: huyu mama ni wa kuja, ardhi kaipata wapi?

"Mwanangu," mama akaniambia, "miche yangu iko kitaluni inazeeka. Baraza la kata litatusikiliza Jumatano ijayo, nimeambiwa nije na mashahidi. Majirani wote wanajua ukweli, ila hakuna anayefungua mdomo. Nikilikosa lile shamba, watoto wangu nitawapeleka wapi?"

Asubuhi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi bondeni na kinasa sauti changu, nikijua jioni nitarudi na habari. Ah wapi! Sijawahi kukimbiwa vile maishani mwangu. Kijana mmoja alianza kutafuta kuku asiyekuwepo. Mama mmoja muuza maandazi alinikaribisha vizuri kabisa, chai akanipa, vicheko tukacheka, nilipotoa kinasa sauti tu akasimama. "Mahojiano hapana, dada yangu. Mpunga wangu nitakoboa wapi? Mashine ni ile moja, na trekta ni la kwake." Nikamsimamisha mzee wa Kisukuma aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake. Nikamuuliza lile shamba ni la nani. Akatazama juu, akasema, "Leo mvua itanyesha." Ilikuwa inanyesha tayari, wote wawili tumelowa.

Tajiri mwenyewe nilimfuata mashineni, maana mtuhumiwa naye ana haki ya kusikika. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Tangaza unachotaka, binti. Nitafutie mtu mmoja tu wa bonde hili atakayesema naongopa."

Nikarudi kwa mhariri nikitaka habari iende hewani hivyohivyo, na maneno ya mjane peke yake. Akakataa. "Habari ya mguu mmoja haisimami. Akitushtaki, tutasema nini?" Nilimkasirikia mno, nikamwambia anaogopa matajiri. Ijumaa nikapata jibu kama kweli anaogopa au la. Tajiri alituma gunia la mchele mpya, eti zawadi kwa wafanyakazi. Ule mchele ulinukia studio nzima, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Mhariri akamwita dereva aliyelileta, akamwambia kwa adabu sana, "Rudisha, mzee. Mwambie tumeshukuru, lakini hapa tunakula vya kwetu." Gunia likapakiwa garini huku tukilisindikiza kwa macho. Tulikula ugali na dagaa siku hiyo, na heshima yangu kwake ikarudi yote.

Lakini Jumatano ilikuwa inakuja na sina kitu. Jumapili nikaingia studio nimenuna. Simu ya kwanza ikaita.

"Mwadila, mwanangu mtangazaji."

"Mwadila, babu. Unawasalimu akina nani?" Nilimwitikia kwa salamu yake ya Kisukuma, na sauti niliitambua. Ni yule mzee wa mvua.

"Namsalimu mama mjane wa huku bondeni, yeye na watoto wake."

"Ujumbe?"

"Ujumbe ni huu. Mama, ng'ombe wangu ndio waliolima hayo majaruba yako mara ya kwanza kabisa, kukiwa bado pori. Mumeo ndiye aliyeniita, akanichinjia jogoo. Sijamsahau yule jogoo."

"Na wimbo, babu?"

"Wowote, ila usiwe wa kelele."

Nikaweka wimbo. Kabla haujaisha simu ikaita tena, mtu wa Sibwesa aliyewahi kuishi bondeni. Anamsalimu mjane. Ujumbe: yeye na marehemu walichimba pamoja mfereji wa lile shamba, na mgongo unamuuma mpaka leo. Halafu akaingia hewani mama muuza maandazi. Yuleyule!

"Namsalimu mama mjane. Namsalimu na tajiri wetu wa mashine, tunamheshimu sana. Ujumbe wangu ni kwake. Kaka yangu, siku ya mazishi, pale makaburini, msemaji wa familia aliuliza: mwenye madai yoyote na marehemu aseme, au aje nyumbani kabla hatujaanua matanga. Wewe ulikuwa mstari wa mbele, umeshika koleo. Mbona ulinyamaza?"

Mweh! Nani asiyeijua hiyo desturi? Ukiulizwa mbele ya kaburi ukanyamaza, hata ukija baadaye na wakili wa Dar, watu wanakutazama tu. Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta aliyeshuhudia mauziano ya chumbani, kumbe bonde zima lilishuhudia ukimya wa makaburini! Kuanzia hapo simu hazikukatika. "Namsalimu mjane. Ujumbe: na mimi nilikuwepo. Wimbo uleule." Anakata, anaingia mwingine. "Na mimi nilikuwepo, nilibeba mchanga."

Mhariri akaingia studio mbio. Nikajua ananizimia mitambo. Akaniinamia sikioni: "Usimwongoze mtu. Pokea tu. Na yule bwana akipiga, mpe nafasi kama wengine."

Akapiga! Sauti inafoka kabla sijamkaribisha.

"Karibu kwenye salamu," nikasema, mpole kama sista. "Unawasalimu akina nani?"

"Simsalimu mtu!"

Weee! Mpaka leo watoto wa bondeni wakigombana wanaambiana "simsalimu mtu" na wanacheka. Nikameza kicheko changu. "Ujumbe wako, mzee?"

"Nilinyamaza kwa heshima ya msiba! Mtu anadaije shamba watu wanalia?"

"Kwa hiyo swali uliulizwa, na ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, ndiyo, lakini..." Nadhani alijisikia mwenyewe.

"Na wimbo?"

Akakata. Nikamchagulia mimi, wimbo wa harusi, maana furaha ilikuwa imenizidi.

Jumatatu habari ikaenda hewani ikiwa na miguu yake yote: maneno ya mjane, ya majirani, na ya tajiri kwa sauti yake mwenyewe. Nilirudi kumuuliza mama wa maandazi kwa nini alinikatalia mimi, halafu akasema mbele ya mkoa mzima. Akanishangaa. "Mahojiano ni kesi, dada. Salamu ni salamu. Nani wa kunikataza kumsalimia jirani yangu?" Na mashine je? "Akitufungia bonde zima, atakoboa mpunga wa nani? Wa kwake peke yake?"

Jumatano watu walijaa barazani mpaka wengine wakasimama nje kwenye manyunyu. Mwenyekiti alisema waliokuwa mazishini wanyooshe mikono. Jamani, ile mikono! Mzee wa ng'ombe alinyoosha na fimbo. Tajiri akaanza kusema kuna kutoelewana kidogo, tuyamalize kifamilia. Mwenyekiti akamuuliza mara moja tu: unadai, hudai? Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hadai, ikaandikwa, akatia saini.

Mjane akaulizwa kama ana neno. Akasimama. Safari hii hakupima maneno, lafudhi yake ya Kirundi ikatoka yote, na hakuna aliyecheka.

"Mnasema mimi ni wa kuja. Wa kuja anarudi kwao. Mimi mume wangu nimemzika hapa, na nyie mlikuwepo."

Nililia, sioni haya kusema. Mhariri naye alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

Tulitoka barazani moja kwa moja kwenda shambani, umati mzima. Mjane alifika kitaluni, akang'oa miche iliyokuwa imeanza kupata manjano, akaingia matopeni na kitenge chake cha kanisani. Mama wa maandazi akafuata, halafu wengine, mpaka jaruba likajaa migongo. Mimi nilisimama ukingoni na kinasa sauti. Nikamwita, nikamwomba maneno mawili matatu kwa wasikilizaji: anajisikiaje leo?

Hata hakuinua kichwa. "Mwanangu, si umeshatangaza? Weka hicho kitu pakavu, uje ushike miche. Jua linatuacha."

Nikavua viatu, nikaingia.