Mbwa Aliyebwekea Maji

Wiki jana nilipanga foleni ya chanjo ya mbwa hapa Karungu, kando ya ziwa. Mama aliyenitangulia alikuwa na mbwa anayechechemea.

"Nani alimvunja mguu?" daktari wa mifugo akauliza.

"Ni sisi, daktari. Mume wangu alizama ziwani, na huyu akashinda akibwekea maji mahali pamoja. Tukaona analeta mkosi, tukamfukuza kwa mawe."

Daktari akashusha sindano. "Mama, harufu ya aliyezama hupanda juu ya maji. Sisi hatuisikii. Mbwa huinusa."

"Sisi tulimtafuta upande ule mwingine," mama akasema, akishika sikio la mbwa. "Mpaka leo hatujamzika."

Nilikuwa nimekuja kuulizia dawa ya kumnyamazisha mbwa wangu. Zamu yangu ilipofika, niliomba chanjo tu.