Kofia ya matundu mia na ishirini na saba

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, kama mpo. Wengine marahaba, nimeshaipokea.

Mimi nasema, mjukuu wangu Rehema anachapa. Shule yangu ni chuoni kwa maalim tu, lakini haya yamenipata mwenyewe, Mungu shahidi.

Jana Rehema anasoma hesabu zake, akaniambia, "Bibi, kuna namba hazigawiki, ila kwa moja na zenyewe. Wanaziita namba tasa. Nyingine kubwa, hata ukiandika kutwa humalizi!"

Nikamwambia hizo kubwa sizijui. Ndogo yao moja naijua, nusura inivunjie harusi.

Enzi za Mwingereza, nimeposwa kutoka Kerege, naolewa Bagamoyo mjini. Kwetu bibi harusi anamdarizia bwana kofia ya kuvaa siku ya nikaha. Unatoboa matundu kuizunguka, halafu unayagawa kwa maua. Ua la mwisho likutane na la kwanza, mtu asijue ulipoanzia.

Mwenye akili anahesabu kwanza ndiyo anatoboa. Mimi namuwaza mchumba wangu Shomari. (Jamani, yule mwanamume alikuwa na meno!) Nikatoboa tuu.

Kuja kuhesabu, mia na ishirini na saba.

Maua ya matundu matatu, linabaki moja. Ya matano, mawili. Ya saba, moja. Ya kumi na moja, sita! Nikafumua mpaka uzi ukaota manyoya.

Kitambaa kingine cha bafta sina, nikaha Ijumaa. Na mavyaa, mama yake Shomari, aliwahi kumrudishia kofia mke wa mwanawe mkubwa mbele za watu, kisa maua hayakukutana.

Dada yangu Mwajuma ananicheka, "Toboa lingine basi!"

"Pako wapi? Kitambaa kitachanika."

"Haya lizibe hilo moja, ulale."

Nikashika sindano nilizibe. Mkono ukakataa. Nililiona kama mimi vile, naingia nyumba ya watu wengi, wote ndugu, mimi peke yangu.

Nikashona maua ya saba saba. Lile moja nikalizungushia hariri ya manjano, lijulikane.

Alhamisi mavyaa akaja. Mimi nimejifunika kanga, machozi yananitoka. Akaizungusha kofia, kidole kikasimama.

"Na huyu mmoja, ndugu zake wako wapi?"

"Wamebaki Kerege, mama."

Mwajuma kainamisha kichwa.

Mara mavyaa akacheka, weee, mpaka ushungi ukamdondoka. Akanifunua uso, akanifuta machozi kwa kanga yake mwenyewe. "Basi mwambie asilie. Hapa kaja kwao."

Kofia akaichukua, akamvika mwanawe kwa mkono wake.

Shomari wangu, Mungu amrehemu, kila akiivaa alikuwa anaizungusha kwanza, anakitafuta kile kitundu kwa kidole, anakileta mbele, juu ya paji. Ndipo anatoka.

Nilichojifunza, wakuu: mtu akibaki mmoja msimzibe. Mtilieni rangi.

Na nyie mlioolewa ugenini, nani aliwafuta machozi? Semeni, Rehema atanisomea, mimi na chai yangu nipo.