Mdundo wa Jumanne

Shemeji yangu Dardo Píriz alipiga ngoma katika kundi la mtaa wetu wa Palermo, hapa Montevideo, kwa miaka arobaini na moja. Alipiga ile nene, ya sauti ya chini, ambayo wenzake wote huisikiliza wasipotee. Mkono wa kushoto ulipoanza kumtetemeka, aliwaambia bega linamsumbua. Mwaka uliofuata akasema amechoka, akakaa nyumbani. Ukweli tuliujua watatu: yeye, dada yangu Zulma, na mimi ninayeishi nao. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha viungo na kuvigandisha.

Zulma alisikia kwamba kila Jumanne, kwenye klabu ya mtaa, mtaalamu wa viungo aitwaye Ivonne huwafanyisha wagonjwa wa aina hiyo mazoezi ya pamoja kwa ngoma. Dardo hakutaka kusikia. Alisema yeye si mtoto wa chekechea.

Asubuhi moja ya mwezi Mei alitoka kununua mkate, miguu ikamgoma katikati ya barabara. Magari yakampigia honi. Mwanamume mmoja akamwambia aende kulala, pombe imtoke. Nilipofika bado amesimama palepale, mkate kaubana kifuani. Jumanne iliyofuata akavaa viatu mwenyewe, nikamsindikiza klabuni.

Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Walikaa duara wakipiga mapaja, kisha wakasimama na kutembea kwa mdundo, maana mguu uliogoma ukisikia ngoma mara nyingi hukubali kunyanyuka. Ivonne alipiga mwenyewe, na alipiga vibaya. Dardo alivumilia wiki mbili. Ya tatu akasema, wote wakisikia, kwamba hata mashine ya kufulia ya nyumbani kwetu ina mdundo mzuri kuliko huo.

Élida Cabral, aliyekuwa mpishi wa shule kabla ya kuugua, akamgeukia. "Basi piga wewe, mzee. Maneno mengi ya nini?"

Akajifunga ngoma. Mwanzoni ilitoka kama zamani, hata nikasahau kwamba anaumwa. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kukimbia peke yake. Waliokuwa wakitembea wakaufuata, kama walivyofundishwa. Hatua zikawa fupi na za haraka. Élida, aliyekuwa mbele, aliinamia mbele zaidi na zaidi, akashindwa kujizuia. Alianguka kifudifudi, akavunjika kifundo cha mkono.

Dardo hakurudi. Jumanne tatu zilipita amelala kaelekea ukutani. Zulma alimwambia kwamba yeye bado hajawa mjane, asimfanye mjane kabla ya wakati. Halafu nikamsikia akilia bafuni, bomba limefunguliwa.

Jumanne ya nne Élida alikuja kwetu, mkono kwenye plasta, na mikate ya kukaanga ndani ya kitambaa. Dardo hakuweza kumtazama.

"Nimekuvunja mkono, dada."

"Umenivunja? Nimeanguka mara sita mwaka huu, na nyumbani kwangu hakuna mpiga ngoma. Usijipe cheo."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mkono ulikuwa unakimbia, na mimi nausikia," akasema. "Nilijua. Niliona haya kuacha."

Élida alikifungua kitambaa. Ile mikate ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Hilo ndilo baya," akasema mwishowe. "Siku nyingine acha."

Dardo alirudi darasani, lakini ngoma hakuigusa tena. Alikaa kando ya Ivonne akimpigia mdundo begani kwa mkono wa kulia, akimkaripia, akimrudisha mwanzo. Kufikia Septemba yule binti alikuwa anapiga vizuri. Élida alitembea kwa mdundo wa Ivonne wiki zile zote, plasta ikaondolewa, kisha kifua kikamshika. Nimonia ilimchukua katika siku tisa. Mazishini Dardo aliganda kwenye lango la makaburi, tukalazimika kumpitisha kwa kumhesabia hatua, mbele ya watu wote, wakiwemo wale wa kundi lake la zamani. Siku hiyo hakujificha.

Sasa sauti yake imefifia, hata mezani tunamwomba arudie. Lakini Jumanne bado anakwenda, na mimi humsindikiza. Wiki iliyopita safu ilianza kuharakisha. Nilimwona akimvuta Ivonne mkono wa shati, Ivonne akainama na kutega sikio, kisha akapunguza kasi.