Wagonjwa wa Stoo ya Mahindi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoingia gerezani mara ya kwanza. Sikuingia kwa kosa. Nilikuwa fundi cherehani kijana hapa Chemchem, Tabora, nimejiunga na wananchi waliojitolea kukagua hali za wafungwa. Serikali haikutuajiri, magereza hayakutulipa, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yetu, maana hakuna aliyeweza kutufukuza kazi kwa kusema tulichokiona. Kibali chetu kilituruhusu kuingia kila chumba.

Niliongozana na Mzee Kazimili, dereva wa treni mstaafu, mtu wa maneno machache. Gereza lenyewe sitalitaja. Tulikuta wafungwa wamepangwa mistari uani, sakafu za selo bado mbichi kwa kuoshwa. Kila tuliyemuuliza alijibu, "Hatuna shida, mama," huku macho yake yakimtazama askari aliyesimama nyuma yangu. Mzee akataka tuzungumze nao mmoja mmoja, askari wakae mbali. Ndipo mahabusu mmoja, mchoma mkaa wa Sikonge aitwaye Hamisi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ombeni mfunguliwe stoo ya mahindi."

Tukaomba. Mkuu wa zamu akasema funguo anazo bwana stoo, na bwana stoo amesafiri kwenda Igunga.

"Basi tutamsubiri," akasema Mzee Kazimili, akaketi chini kwenye vumbi. Nami nikaketi. Jua lilituchoma mpaka karibu na alasiri, ndipo funguo zikatoka mfukoni mwa askari aliyekuwa nasi pale pale muda wote.

Ndani walilala wanaume watatu juu ya magunia matupu, wagonjwa wa kifua, wamefichwa tusiwaone. Mmoja alikuwa Nestori, mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, bado anasubiri kesi yake. Hakuna hakimu aliyekuwa amemwambia kwamba ana hatia. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliomba maji. Nilimwinua kichwa nikamnywesha, kisha nikashindwa kujizuia, nikalia.

Mzee akaniinamia. "Binti, umekuja kulia au kuona? Utalia nyumbani. Hapa tazama, ili kesho mtu asije akakwambia hukuona."

Nikafuta macho, nikatazama. Dirisha halikuwepo. Ndoo ya haja ilikuwa imejaa, tena karibu kabisa na vichwa vyao. Mzee hakubanduka pale mpaka gari la kuwapeleka hospitali lilipofika. Wawili walipona. Nestori alifariki huko hospitali alfajiri.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa mama yake. Alinisikiliza ameketi mkekani, rozari mkononi, wala hakupiga ukelele.

"Amefia chini au kitandani?" aliniuliza.

"Kitandani, mama."

"Alipata maji?"

"Alipata. Nilimnywesha mwenyewe."

Akanishika mikono yote miwili, akaishikilia, asiiachie. Nilirudi Tabora nikamwambia Mzee Kazimili kwamba mimi basi, kazi ile siiwezi. Hakunibembeleza.

"Hamisi bado yumo ndani," alisema. "Watakisia kwamba ni yeye aliyetuambia. Sisi tusipokwenda, nani atauliza habari zake?"

Tukaenda. Tulimkuta jicho limevimba, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Ameteleza bafuni, wakasema. Hatukumlazimisha Hamisi kusema mbele yao. Tangu hapo kila wiki tulifika getini, tukamtaja kwa jina, tukataka aletwe tumwone. Tukapeleka malalamiko kwa wakubwa. Askari mmoja alihamishwa, hakuna aliyeshtakiwa. Lakini Hamisi hakuguswa tena. Kesi yake ilipofutwa alitoka kwa miguu yake, ila vile vidole havijapona hata leo.

Sasa nawe umeniambia unataka kujiunga na wakaguzi. Sitakudanganya kwamba utabadilisha mengi. Ukikaribishwa chai ofisini, kagua kwanza, chai utakunywa baadaye. Usiridhike na ua uliofagiwa. Uliza wagonjwa wako wapi. Na mtu akijihatarisha kukwambia ukweli, usimwache mikononi mwao ukaenda kusimulia. Rudi, umwone kwa macho yako, kisha urudi tena. Watakuuliza kwa nini unahangaika na wahalifu. Wajibu kwamba mahakama hufunga mtu, haimhukumu kufa kwa kiu juu ya gunia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyokwepa na moyo usiozoea mateso ya watu. Akufikishe kwao wakati bado wanapumua, na akurudishe kwetu salama. Amina.