Mikono ya Akoth na Kichwa cha Mama

Harufu ya kitunguu saumu kilichopondwa hunirudisha mtaani kwetu Makongeni popote nilipo, nami nimekaa pengi na kudumu pachache. Miaka ile ya tisini dada yangu Akoth, aliyekuwa darasa la sita, alitokwa na mabaka meupe vidoleni. Jirani yetu Mama Njeri alisema ni choa, ule ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. "Dawa ya moto ni moto," alisisitiza, na mama akamsugua Akoth kitunguu saumu hadi ngozi ikababuka. Mabaka hayakujali, yaliongezeka.

Akoth ndiye aliyekuwa msusi wa mtaa. Kila Jumamosi wasichana walipanga foleni mlangoni petu wasukwe kwa ajili ya kanisa, naye, juu ya kigoda, alisuka mistari iliyonyooka kama reli. Mabaka yalipopanda hadi mikononi, foleni ilikatika. "Wee, usiniguse nigeuke pundamilia!" Njeri, binti wa jirani yule, alimwambia, na wenzake wakacheka. Akoth akaficha kitana chake chini ya godoro.

Mama alimpeleka kliniki, nami nikafuata kwa udadisi wangu. Daktari alieleza polepole kwamba mwili wenyewe hushambulia chembe zinazoipa ngozi rangi. Si uchafu, si laana, wala ugonjwa huo hauambukizi. Alitoa dawa ya kupaka, akaonya kuwa rangi hurudi taratibu, pengine isirudi yote, na kwamba vitunguu vibaki jikoni.

Jumamosi iliyofuata mama alitoa kigoda nje, akamketisha Akoth. Kisha yeye, mtu mzima, akakaa chini kwenye saruji, katikati ya magoti ya mtoto wake, akafungua kitambaa cha kichwa.

"Mama, watu wanaangalia."

"Ndiyo maana nimekaa hapa. Suka."

Mama Njeri alisimama na ndoo yake mpaka mstari wa mwisho, halafu akamvuta Njeri kwa sikio. "Haya, sasa ni wewe."

Shule niliiacha mapema, lakini somo lile sijalisahau. Siku hizi watu wanajua zaidi, ingawa nimepita miji ambako mtoto mwenye mabaka bado hutengewa kikombe chake. Akoth ana saluni mtaa wa Buruburu. Rangi ilirudi mikononi, ila vidole vilibaki vyeupe. Wateja huketi kwenye viti virefu. Mama, ambaye magoti yake yamechoka, hukataa kiti. Huomba mkeka, huteremka taratibu, na vidole vile vyeupe huanza kuzigawa mvi zake.