Waya Miguuni mwa Lucera

Na msiniambie eti ni sinema tu. Jana asubuhi nzima dairekta kagombana na watu juu ya vifungo vya makoti ya wanajeshi, eti historia isipotoshwe, halafu anataka farasi wafungwe waya miguuni ili waanguke mbele ya kamera. Vita gani hiyo ya waya? Mtunza farasi wetu hapa Tabernas, jangwani Hispania, hufunga waya mwenyewe, hataki mkono wa mtu, kwa sababu ndiye anayelainisha mchanga wa kuangukia. Anaupapasa kwa viganja, anatoa kila kijiwe, kisha anampulizia farasi puani polepole. Jana hiyo hiyo mchanga ulishakuwa tayari, dairekta akahamishia kamera kwenye mawe.

“Mzee, jua linatukimbia,” akamwambia mtunza. “Funga.”

“Njoo nikufunge wewe.”

“Usinichezee, babu. Farasi wamejaa hapa.”

Waya wakafunga watu wengine. Lucera, jike letu jekundu, akaanguka kwenye mawe, akavunjika shingo. Mzee akamfunika jicho kwa kofia, akapiga magoti pembeni yake, akaanza kuokota vijiwe. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Picha hiyo itafika kwenye kumbi zenu za sinema. Farasi akianguka tu, inukeni mtoke, na walio kwenye foleni waambieni wasiingie.